Sekunde tano, na makande niliyoyafukia Lembeni

Najua nimewatupa. Tangu Julai nilikuwa BTP, tumerudi tu chuo hadithi za bumu zikaanza, yaani hata nguvu ya kuandika sina. Lakini juzi usiku pale kafteria limetokea jambo dogo likanirudisha mbali, na nisipolitoa sitalala.

Ni hivi. Jamaa yangu wa chumbani kaangusha chapati. Kaiokota, kaipuliza fuuu, kaing'ata, halafu kanyanyua mkono kama refa: "Sekunde tano bado!" Meza nzima ikacheka. Meza ya jirani kuna dada wa kozi yetu, akakunja uso, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba msomi mzima hali kitu kilichogusa chini, huo ni ushamba, mkajifunzie usafi. Basi vita ikaanza. Huku sekunde tano, kule ushamba. Nusu saa nzima! Mimi mnanijua kwa ubishi, lakini siku hiyo nilikaa kimya nikichezea kijiko. Nilikuwa namkumbuka mtoto mmoja wa kidato cha kwanza.

Nilikaa kimya siku hiyo, leo sikai. Wote wawili wamekosea, na mimi niliwahi kukosea kuliko wao.

Nianze na refa. Ndugu yangu, hiyo sekunde tano umeitoa wapi? Watu wameipima. Mwaka 2003 binti mmoja wa sekondari kule Marekani, Jillian Clarke, alikuwa kwenye mafunzo Chuo Kikuu cha Illinois. Alianza kwa kupima sakafu za chuo na akashangaa kukuta bakteria wachache sana (hapo refa ashangilie kidogo). Ndipo akachukua vigae, akavipaka E. koli makusudi, akaweka biskuti na peremende laini juu yake. Ndani ya sekunde tano bakteria walishahamia kwenye chakula. Mwaka 2004 wakampa ile tuzo ya kuchekesha ya Ig Nobel, lakini kazi yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Mwaka 2016 Donald Schaffner na Robyn Miranda wa Chuo Kikuu cha Rutgers wakarudia kwa nguvu zaidi: tikitimaji, mkate mtupu, mkate wenye siagi na peremende, juu ya chuma, vigae, mbao na zulia, kuanzia chini ya sekunde moja mpaka sekunde 300. Vipimo 2,560! Wakakuta kwamba ni kweli ukikawia wanaongezeka, lakini wengine wanahama chini ya sekunde moja. Tikitimaji ndilo lililobeba wengi kuliko vyote, kwa sababu ya majimaji. Bakteria hana miguu, anasafiri na maji. Na zulia, ambalo sisi wote tungelidhania ndilo chafu, lilihamisha wachache kuliko vigae na chuma.

Kwa hiyo saa yako ya refa haina maana. Maswali ya maana ni mawili: kilichoanguka kina majimaji kiasi gani, na hapo chini pamepita nini. Chapati kavu kwenye saruji kavu iliyofagiliwa, mimi mwenyewe naila, na sitampa mtu maelezo. Kipande cha papai kwenye korido ya hosteli yetu, hata kwa sekunde nusu, siligusi. Si mnaijua korido yetu? Choo kinavuja, watu wanatoka na kandambili zimelowa wanapita mpaka mlangoni kwako. Paul Dawson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Clemson waliwahi kupaka salmonela kwenye vigae, mbao na zulia, wakaacha pakauka, na baada ya wiki nne bado wapo waliokuwa hai. Wiki nne, wewe unahesabu sekunde! Na kule kupuliza ndio usiseme. Unaondoa vumbi unaweka mate.

Haya, refa kaa chini. Sasa nakuja kwa dada yangu wa "ushamba", na hapa inabidi niwapeleke Lembeni.

Kwa wasiopajua, Lembeni ipo wilaya ya Mwanga, kwenye ile barabara kuu ya kwenda Moshi, ukishaipita Same. Mkono mmoja milima ya Upare, mkono mwingine tambarare inashuka kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Juu milimani kuna baridi na migomba, chini kwetu ni jua, upepo na vumbi. Bibi yangu mzaa mama anaishi huko, ndio maana nilipojaza fomu ya BTP nikaomba mitaa ile, nikwepe kodi ya chumba. Shule nilipopangwa siitaji jina, ni ya kata, ya kutwa, na watoto wengine wanatembea mwendo mrefu kuifikia.

Tangu Januari 2016 elimu ni bila ada, lakini chakula cha mchana katika shule kama ile kinategemea mahindi na maharage wanayoleta wazazi. Chakula ni makande. Upareni makande hayahitaji utambulisho. Yanapikwa kwenye sufuria kubwa nje, foleni inakuwa ndefu, kila mtoto na bakuli lake. Wa mwisho kwenye foleni anapata ya chini, yenye mchuzi mwingi na punje za kuhesabu.

Wiki ya tatu nilikuwa nasaidiana na mwalimu wa zamu. Kijana mmoja wa kidato cha kwanza, mwembamba, kapata bakuli lake, kageuka, kasukumwa na wenzake, bakuli likapinduka. Makande yakamwagika yakafanya kichuguu chini. Kijana hakulia wala hakugombana na mtu. Alichuchumaa haraka, akaanza kuchota yale ya juu kwa mkono kurudisha bakulini.

Mimi nikaja mbio. Na tai yangu. "Acha! Acha hivyo! Hujui kuna vijidudu?" Watoto wakageuka. Nami nilipoona nimepata watazamaji nikaongeza dozi, nikamwambia mwaga hata hayo uliyochota, nikayafukia yote kwa udongo kwa ncha ya kiatu. Nikahutubia kidogo kuhusu kipindupindu. Kijana akasema, "Sawa mwalimu." Nilipogeuka, mpishi alikuwa anamimina maji kwenye sufuria aliloweke. Makande yalikuwa yamekwisha.

Sikumpa changu. Naandika hapa ili nisijidanganye baadaye. Ofisini chakula cha walimu kilikuwa kimefunikwa, nikaenda nikala, nikashiba.

Jioni yake sikuwa na raha. Nikamsimulia mzee mmoja jirani ya bibi, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya Usangi, nikidhani atanisifu. Akaniangalia. Akasema, "Mwalimu, wewe umemwachia shetani tonge la mtoto." Akanieleza kwamba Mtume aliagiza tonge likianguka mtu aliokote, aondoe uchafu uliolishika, ale, asimwachie shetani, na hadithi hiyo imo katika Sahih Muslim. Nikataka kumbishia kisayansi nikakwama. Maana maneno yale yana sharti ndani yake: ondoa uchafu kwanza. Na yale makande ya juu ya kichuguu hayakuwa na uchafu wa kuondoa, hayakugusa chini kabisa! Yalikaa juu ya makande wenzake. Yule kijana alikuwa anachota kwa akili. Mwenye digrii ya ualimu mbioni hakuliona hilo.

Tena hata kama yangegusa. Makande yanachemka. Yangerudishwa kwenye moto yachemke vizuri, bakteria wa kipindupindu wanakufa, E. koli wanakufa, hata mayai ya minyoo ya askarisi hayavumilii maji yanayotokota. Changarawe tu ndizo zingebaki. Sisemi watoto wale udongo jamani, msinilishe maneno. Pale uwanjani mbuzi wanapita, kuku wanapita, na mayai ya askarisi yakishakomaa kwenye udongo yanaweza kukaa humo miaka. Hilo ni tatizo la kweli. Nasema tu palikuwa na njia ya kumlinda yule kijana bila kumshindisha njaa, na mimi nilichagua ile iliyonipa watazamaji.

Lakini kipigo chenyewe nilikipata kesho yake darasani.

Kipindi cha Baiolojia, kidato cha kwanza, mada ya afya na usafi. Andalio la somo limenyooka, chati imechorwa vizuri kwa kalamu za rangi, maana nilisikia mkaguzi wetu kutoka chuo yuko njiani. Nikafundisha chakula salama. Nikauliza, kuna swali? Kijana yuleyule akanyoosha mkono. Akasimama taratibu.

"Mwalimu, mahindi ya makande mama aliyaanika chini. Wiki nzima. Kuku wanapita na sisi tunapita. Hayo hayana vijidudu?"

Darasa kimyaa. Hakuwa na kejeli hata kidogo, alikuwa anauliza. Na mimi nikafanya lile ambalo kila mwalimu aliyebanwa hulifanya: "Swali zuri sana. Tutalijibu kipindi kijacho." Teh teh... mnacheka, lakini ninyi pia mmeshalitumia.

Nilivyorudi kwa bibi nikakuta uwanja wote umejaa mahindi. Ilikuwa Agosti, mavuno ya masika. Yako juu ya ardhi iliyofagiliwa, kuku wawili katikati wanajihudumia. Nimekulia kwenye uwanja ule na sikuwahi kuona kwamba hicho ni chakula kilichoko chini. Kwa sababu hakikuanguka, kiliwekwa. Kikianguka tunashtuka, kikiwekwa tunaita kuanika.

Nikaanza kusoma, kwa simu, kwenye mtandao unaokuja na kuondoka. Na ndugu zangu, hapo ndipo nilipoogopa. Adui mkubwa wa mahindi yale si mavi ya kuku. Mavi ya kuku yanapepetwa, yanaoshwa, yanachemshwa. Adui ni kuvu wanaoishi kwenye udongo wenyewe, wale wa jamii ya Aspagilasi. Punje ikipata unyevu, au ukame na joto vikiudhoofisha mmea tangu shambani, kuvu wanaingia na kutoa sumu. Kiswahili chake kizuri kabisa: sumukuvu. Huioni, huionji, hainuki. Na kuchemsha hakuiondoi! Ile silaha yangu ya kuchemsha niliyojisifia hapo juu, hapa haifanyi kazi.

Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walianza kuugua, macho ya njano, matumbo yamejaa. Ilikuwa sumukuvu kwenye mahindi. Walihesabiwa wagonjwa 68, wakafa 20. Wenzetu Kenya mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, wagonjwa 317, waliokufa 125. Hiyo ni ya haraka, inayoua ndani ya muda mfupi. Kuna ile ya polepole, kidogo kidogo kila siku kwa miaka, inayoleta saratani ya ini, nayo haina siku ya kutangazwa redioni.

Sasa nirudi kwa dada yangu wa kafteria. Wewe hutaki chapati iliyogusa saruji kwa sekunde mbili. Sawa, ni haki yako. Lakini ugali uliokula mchana umetokana na mahindi yaliyoanikwa wapi? Umewahi kuuliza? Na karanga za kwenye kikaratasi unazotafuna maktaba? Hizo ndizo mojawapo ya vyakula vinavyopendwa sana na kuvu hao. Na dagaa, je? Dagaa wengi wa ziwani walianikwa juu ya mchanga, ndio maana mama yako anawaosha maji matatu. Sote tumekula chakula cha chini maisha yetu yote. Tofauti yako na yule kijana wa Lembeni ni kwamba yeye anaona pale chakula chake kilipolala, na wewe huoni. Huko si kuwa msafi kuliko yeye. Umewekwa mbali tu na uwanja.

Na hili la kuwaita watu washamba kwa sababu wana sakafu ya udongo ndilo linalonikera kuliko yote. Mexico, jimbo la Coahuila, mwaka 2000 serikali ilianza kuwawekea watu wenye nyumba za udongo sakafu za saruji. Mpango uliitwa Piso Firme. Watafiti walipolinganisha baadaye, hesabu yao ilionyesha kwamba nyumba ikibadilishwa sakafu yote kutoka udongo kuwa saruji, vimelea vya tumboni kwa watoto vinapungua kwa asilimia 78 na kuharisha kwa asilimia 49. Hakuna aliyewahutubia pale kuhusu sekunde. Waliletewa saruji. Mimi nilileta hotuba, na kiatu.

Mtaniambia, sasa wewe mwanafunzi mwenye deni la bodi ya mikopo ungemletea saruji kwa hela gani? Kweli. Lakini bakuli langu la makande lilikuwepo ofisini, na hilo halikuhitaji mkopo.

Kipindi kilichofuata nilirudi na jibu. Nikalitupa andalio la somo (mkaguzi alishakuja na kuondoka, Mungu mkubwa) nikaenda na chupa tupu kavu, chumvi kavu na viganja viwili vya mahindi ya bibi. Unaweka mahindi na chumvi kwenye chupa, unafunika, unatikisa kwa dakika chache, unaacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, usiyafungie kwenye gunia. Ikishuka yote chini bila kushika, yamekauka. Ya bibi yalishika! Darasa likashangilia kama goli. Nikawaambia: anikeni juu ya turubai, mkeka, au kichanja, chambueni zilizooza na zilizobadilika rangi msile na msiwape kuku, na jua likizama ondoeni umande usiyakute. Hicho ndicho kipindi pekee cha BTP yangu ambacho watoto walibaki baada ya kengele.

Bibi alikuwa mgumu zaidi. "Mjukuu wangu, mimi nimeanika hapa tangu mama yako hajazaliwa, nani amekufa?" Unamjibuje bibi? Nikamwonyesha chupa. Akaitikisa mwenyewe mara tatu. Akasema turubai analo moja tu na limefunika kuni. Tukabishana mpaka chai. Kesho yake nilipoamka kuni zilikuwa zimehamia chini ya dari la jiko na mahindi yamelala kwenye turubai, naye hakusema kitu, na mimi nikajifanya sijaona.

Yule kijana nilimwita siku moja kabla sijaondoka. Nilitaka kumwomba radhi, nikazunguka weee, mwishowe nikasema, "Yale makande ya siku ile, nilikosea." Akainama akachora chini kwa kidole cha mguu, akasema, "Hamna shida mwalimu." Halafu akaniambia mama yake ameijaribu chupa, chumvi imeshika, ameyatoa tena juani. Nikamuuliza ameyaanika wapi. Akasema kwenye mkeka wa kulalia, yeye na mdogo wake wanalala kwenye magunia mpaka yakauke.

Hilo nalo sikulijibu.

Basi ndugu zangu, hicho ndicho nilichokuwa nacho kichwani juzi wakati mnagombania chapati. Wenzangu mtakaokwenda BTP mwakani, mtoto akimwaga chakula mbele yako, kabla hujafungua mdomo angalia kwanza kama kimebaki kwenye sufuria. Kama hakijabaki, chako kipo ofisini.

Ngoja niishie hapa, kesho nina kipindi saa mbili asubuhi na desa sijaligusa. Refa wangu amelala. Chapati aliyonunua leo iko mezani nzima, ameikataa, anasema imepoa.